Esau Alipofika Nyumbani



Kwenye Mwanzo 27 tumezoea kuhubiri Yakobo. Leo mtazame Esau akirudi kutoka mawindoni. Anaingia kwa baba na chakula mkononi, kumbe baraka yake imeshachukuliwa na mtu aliyekuja kwa jina lake. Alilia sana. Na Isaka hakuweza kuirudisha.

Esau huyo nimemwona hapa kwetu. Kogo mmoja wa kanisa letu, mchuma chai tangu ujana wake, alipigiwa simu wiki ile bonasi ilipoingia. Mpigaji alimtaja kwa majina yote matatu, akamsomea na namba ya kitambulisho. Wewe ungemshuku? Baadaye laini yake ikazimika. Kufikia jioni pesa ilikuwa imetoka na mkopo umechukuliwa kwa jina lake.

Tulimwombea, tukachanga kidogo, tukaona yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, mpendwa. Miezi mitano baadaye alienda kuomba mkopo wa karo ya mjukuu, akaambiwa ana deni. Siku hizi hapokei simu ya namba asiyoijua, hata ya daktari. Namba ya siri alibadilisha, lakini namba ya kitambulisho haibadiliki. Aliyeinakili leo anaweza kuitumia hata mwaka ujao. Kilichomuumiza zaidi ni aibu. Washirika walinong'ona, "Mtu mzima anadanganywaje?" Nami niliwaza hivyo hivyo.

Tusijifanye wageni. Mulot ikitajwa Nairobi watu hushika simu zao, maana makachero wa DCI wamekamata vijana huko mara nyingi kwa kesi za kubadilisha laini. (Ndugu zangu wa Mulot, najua wengi wenu mnalima kwa jasho lenu.) Lakini habari zetu huwafikiaje? Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo. Wengine tulicheka.

Sicheki tena. Mwaka jana nilipiga picha daftari la kikundi cha akina mama, lenye majina, vitambulisho na namba za simu, nikaituma kwenye WhatsApp ya kanisa. Watu zaidi ya mia mbili, wengine siwajui. Siwezi kuapa kwamba ndiko zilikotoka, wala kwamba siko. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayetunza habari za watu, zikivuja na kuwaweka hatarini, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenyewe pia waambiwe. Mimi hata wazo la kuwaambia akina mama halikunijia.

Jumapili jioni nilienda kwa Kogo kumwomba msamaha. Alinimiminia mursik, akaniuliza, "Pasta, ile picha bado iko?"

Ilikuwa bado iko.

Nimeifuta. Nawe ifute kwenye simu yako leo. Jumatano baada ya ibada njoo na simu yako. Wenye laini za Safaricom tutapiga *106# pamoja tuone ni laini gani zimesajiliwa kwa vitambulisho vyetu. Kogo amesema atakaa kiti cha mbele.