Ushuhuda wa Kifundo Kisichopona

Washarika wanaofuatilia mpira watamkumbuka Michu. Kwa wengine tuseme kwa kifupi: jina lake kamili ni Miguel Pérez Cuesta, aliyezaliwa mwaka 1986 huko Oviedo, mji wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. Msimu wa 2012/2013 alikuwa mshambuliaji wa Swansea katika Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga mabao 18 ya ligi, na vijana wetu wa kipaimara wakawa wanazungusha kiganja karibu na sikio kila wakifunga bao, kama alivyofanya yeye. Swansea walimnunua kwa pauni milioni 2. Katika soko lile, hiyo ni sawa na kupewa ng'ombe wa maziwa kwa bei ya kuku.

Lakini hatumwandiki kwa ajili ya msimu ule. Tunamwandika kwa ajili ya miaka iliyoutangulia na ile iliyoufuata, ambayo aliicheza kwenye viwanja visivyo na kamera nyingi.

Alianza kuchezea timu ya wakubwa ya Real Oviedo mwaka 2003, akiwa na miaka 17. Ulikuwa mwaka mbaya kabisa kwa klabu hiyo. Timu ilikuwa imeshuka kutoka daraja la pili, na kwa kuwa ilishindwa kuwalipa wachezaji mishahara yao, ikashushwa tena kwa adhabu hadi daraja la nne. Wachezaji wakatawanyika. Viongozi wa mji wakaegemea klabu nyingine, ila mashabiki wakagoma kuhama. Ndipo vijana wa palepale mjini, Michu akiwa mmojawapo, wakapewa jezi. Mchungaji yeyote aliyewahi kupangiwa usharika wenye deni la umeme na kwaya iliyosambaratika anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 2007 alikwenda Celta ya Vigo, akacheza huko daraja la pili. Mwaka 2011 Celta walifika kwenye mechi za mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Granada. Michu alifunga bao la ushindi katika mechi ya kwanza. Katika mechi ya marudiano alikosa penalti, na Celta wakatolewa. Akaondoka bila ada ya uhamisho kwenda Rayo Vallecano, klabu ya mtaa wa wafanyakazi jijini Madrid, na huko, akicheza kama kiungo, akafunga mabao 15 katika ligi kuu ya Hispania. Siku ya mwisho ya msimu Rayo waliponea chupuchupu kushuka. Baada ya hapo ndipo Swansea ikaja, na Februari 2013 akafunga bao moja Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, Swansea wakiifunga Bradford 5–0. Oktoba mwaka huohuo akaichezea timu ya taifa ya Hispania, dhidi ya Belarus. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho.

Kifundo cha mguu kikagoma. Alifanyiwa upasuaji, akarudi, kikauma tena. Alikopeshwa Napoli, hakufunga hata bao moja. Mwishoni mwa 2015 Swansea wakaachana naye, na mtu aliyefunga Wembley akaenda kucheza Langreo, mji wa machimbo ya makaa ya mawe kwenye bonde lililo karibu na kwao, daraja la nne, katika timu iliyofundishwa na kaka yake. Msimu wa 2016/2017 alirudi Oviedo, ambayo sasa ilikuwa imepanda hadi daraja la pili. Kiangazi cha 2017, akiwa na miaka 31, akatangaza kwamba basi.

Sasa, sisi tunaosimama madhabahuni tuna tatizo na habari ya namna hii. Lugha yetu ya siku hizi ni ya kuinuliwa. Tunaombea watu wapande viwango, wavuke, wawe kichwa na wasiwe mkia. Nani amewahi kuhubiri neno la kumfariji mtu aliyepanda kweli, kwa jasho lake na kwa neema ya Mungu, halafu akashuka bila kufanya dhambi yoyote? Tukimwona mtu huyo tunaanza kutafuta nyufa: pengine alijivuna, pengine hakutoa zaka, pengine kuna kitu. Marafiki wa Ayubu hawajafa. Wamehamia kwenye vikundi vya maombi, na wakati mwingine wanavaa kola kama sisi.

Jambo hili linauma zaidi tunapomtazama Santi Cazorla. Huyu naye ni mtoto wa Asturias, naye alikulia katika timu za vijana za Oviedo. Alipokuwa Arsenal, kifundo chake kiliharibika mwaka 2016. Bakteria waliingia kwenye kidonda, wakala sehemu ya ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino. Alipasuliwa mara nyingi. Ngozi ilitolewa mkononi ikashonewa mguuni, pamoja na kipande cha chale iliyoandikwa jina la binti yake. Madaktari walimwambia ashukuru kama ataweza kutembea tena bustanini na mwanawe. Akarudi uwanjani! Mwaka 2023 alirejea Oviedo na kukubali mshahara wa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na mwaka 2025, akiwa na miaka 40, klabu ikapanda ligi kuu baada ya miaka 24.

Tungekuwa na wote wawili ibadani, ni nani tungempa kipaza sauti wakati wa shuhuda? Sote tunajua. Cazorla angeshuhudia na kwaya ingeitika. Michu angekaa benchi la nyuma akipiga makofi. Hata hivyo mapenzi yao kwa nyumbani yalikuwa yaleyale. Novemba 2012, Oviedo ilipokaribia kufutwa kwa madeni na kuuza hisa kwa euro 10.75 kila moja ili ipone, wote wawili walinunua, wakiwa Uingereza wakati huo. Hakuna anayeweza kutuambia kwamba mmoja alimpenda Mungu au jirani kuliko mwenzake, na kwa hiyo kifundo chake kikapona. Vifundo viwili, mji mmoja, majibu mawili. Mtume Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake, na mwiba ukabaki.

Katika Katekisimo Ndogo tunawafundisha watoto, kwenye maelezo ya Kipengele cha Kwanza cha Imani, kwamba Mungu ametupa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote, na kwamba bado anavitunza. Watoto wanakariri vizuri. Mtoto mmoja akiuliza, je, kiungo kisichofanya kazi ni nani anakitunza, mwalimu anahamia kipengele kinachofuata. Tukumbuke basi kwamba Luther alitoa kitabu hicho mwaka 1529, na mwaka mmoja kabla yake alikuwa amemzika binti yake mchanga, Elisabeth. Hakuandika kama mtu asiyejua kwamba miili hukatika. Aliandika „anavitunza“ akiwa na kaburi dogo nyumbani kwake, na tunadhani ndiyo maana hakusema kwamba Mungu anavitunza visiumie.

Kwetu sisi, waliomo kwenye benchi la nyuma ni wengi kuliko tunavyohesabu. Yupo dereva aliyepoteza jicho. Yupo mwalimu aliyepooza upande mmoja miaka miwili kabla ya kustaafu. Wapo hata wachungaji waliohamishwa kutoka usharika wa mjini kwenda mtaa wenye familia 30, nao wanapiga simu kwa sauti ya chini kana kwamba wamefanya kosa. Kwa Kiswahili cha mpira tunasema „ameshuka daraja“, na tunasema tukicheka. Lakini yule Langreo alikuwa anaamka asubuhi, anafunga kifundo bandeji, anacheza na vijana ambao walimwona kwenye televisheni, chini ya kaka yake. Hiyo nayo ilikuwa kazi. Watu walilipa kiingilio kuitazama.

Mwaka jana, Jumapili ya mavuno, baada ya shuhuda tatu za kupona na moja ya kupata kiwanja, tulimwomba fundi mmoja wa ujenzi asimame. Nyonga yake iliisha kwa kubeba mizigo, na sasa anakaa kwenye kiti eneo la kazi akihesabu mifuko ya saruji na kuwaelekeza vijana jinsi ya kupima kona. Alisita, akasema hana ushuhuda. Tukamwambia aeleze tu wiki yake ilivyokwenda. Akaeleza kwa dakika nne hivi: mifuko mingapi, ukuta gani ulipinda wakaubomoa, kijana gani ameanza kuelewa timazi. Halafu akakaa, na kwa muda kidogo hakuna aliyejua kama tupige makofi.