Seva ya Chumba cha Rekodi

Kazi iliyonilisha miaka mingi ni kufunga OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoandikwa kwa Java na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Nilizunguka nayo vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya, mkobani nina kompyuta ya mkononi, diski ya kubebea na waya wa mtandao. Intaneti ya vituo hivyo ilikuwa ya modemu, leo ipo kesho haipo, na haingewezekana mgonjwa akae akingoja mawimbi yarudi ndipo daktari ajue alipewa dawa gani mwezi uliopita. Kwa hiyo seva iliwekwa papo hapo kituoni, aghalabu chini ya meza katika chumba cha rekodi, na kompyuta za daktari na famasia zikaunganishwa nayo kwa waya.

Ukiwasikiliza walioandika programu, kuiweka kwenye seva ni shughuli ya dakika chache. Unanakili faili moja, openmrs.war, katika folda ya webapps ya Tomcat, programu inayoendesha programu za wavuti za Java. Tomcat inaifungua yenyewe, nawe unaingia kwa kivinjari kupitia poti 8080 na kuendelea. Ofisini mambo yalikwenda hivyo. Kituoni ukurasa uligoma mara kwa mara, mganga mkuu amesimama nyuma yangu na mikono mfukoni.

Hapo nilifungua catalina.out, faili ambamo Tomcat huandika yote yanayoisibu. Makosa ya Java huja kwa mistari mingi, na anayeishia mstari wa kwanza huambulia patupu. Nilishuka hadi penye maneno “Caused by”, maana kiini hukaa huko. Nikikuta 52.0, nilijua programu imetengenezwa kwa Java 8 na mashine bado ina Java 7. Nikikuta “PermGen space”, nilijua sehemu ya kumbukumbu inayobeba klasi za programu imejaa. Kero hiyo ya pili ilituondokea na Java 8, iliyotoka mwaka 2014 bila sehemu hiyo.

Stima, hata hivyo, haina toleo jipya. Katika kituo kimoja ilipotea usiku ikarudi asubuhi, wagonjwa wakiwa wamejaa kwenye mabenchi. Seva ilijiwasha, mfumo haukufunguka. Karani wa rekodi, mama wa makamo tuliyemwita Madam, akanipigia simu: “Fundi, hii kitu yako imelala.” Tomcat ilikuwa imeamka kabla ya MySQL, programu ya hifadhidata; ikabisha hodi, ilipokosa jibu ikakata tamaa. Nilimtajia amri za kuwasha upya, naye akaziandika kwa kidole kimoja huku akinisomea kila herufi: “Sudo, nafasi, service, nafasi…” Ukurasa ulipofunguka nilisikia kelele za furaha nyuma yake.

Kabla sijarudi huko kurekebisha mpangilio ili Tomcat iwe inaisubiri hifadhidata, stima ilipotea tena. Madam hakunipigia. Nilipofika nilikuta amenakili amri zote kwenye jalada la ndani la daftari lake, na muuguzi wa zamu ya usiku ameshafundishwa. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikihesabu kazi imekwisha ukurasa wa kuingilia unapotokea.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa hutumia Docker, programu ikasafiri pamoja na Java na Tomcat yake, na zile 52.0 hawazijui. Nafurahi kwa ajili yao. Sharti langu moja limebaki: hatutii sahihi fomu ya makabidhiano mpaka karani aizime seva na kuiwasha mwenyewe, sisi tukiwa tumesimama pembeni, mikono mfukoni.