Kusali na Kusoma, Kazi Moya

Baba yangu alijifunza kusoma kwa katekisimu. Alizaliwa Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, miaka ya 1930, wakati mji wetu wa Likasi ukiitwa bado Jadotville. Kampuni ilitoa matofali na posho, mapadre Wabenedikto wakatoa walimu, na serikali ya Wabelgiji ikatia muhuri. Mtoto aliingia shuleni kwa kupitia mlango wa kanisa. Alipokuwa mzee, amekwisha kuacha kazi katika mitambo ya Shituru, baba aliendelea kutuambia sisi watoto wake: "Kusali na kusoma, ile ni kazi moya." Hakuwa anatetea hoja. Alikuwa anasimulia jinsi alivyoyakuta maisha.

Mpango huo ulikuwa na historia yake. Mwaka 1906 dola la Kongo la Mfalme Leopold II lilitiliana saini mkataba na Vatikani: kila misheni ya Kikatoliki itapewa ardhi, hekta 100 hadi 200, nayo itafungua shule pale itakapoombwa. Huku Katanga kazi hiyo iliwaangukia Wabenedikto, chini ya Askofu Jean-Félix de Hemptinne, ambaye neno lake lilisikika katika ofisi za kampuni kama lilivyosikika kanisani. Wamethodisti wa Askofu John Springer nao walijenga, wakaweka mizizi Mulungwishi, kwenye njia ya Kolwezi, lakini kwa miaka mingi shule za Waprotestanti hazikuona ruzuku ya serikali. Ruzuku hiyo ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo dini ya mzazi ndiyo iliyoamua mtoto atakalia benchi la aina gani, na kama benchi lenyewe litakuwepo.

Kusoma, hata hivyo, hakukubali kukaa ndani ya ua. Katika miaka ya 1930 mafundisho ya Kitawala, yaliyotokana na Watch Tower, yalivuka mpaka kutoka Rhodesia yakaingia katika kambi za migodi. Waliokuwa wamefundishwa herufi ili wajue sala wakaanza kujisomea Biblia wenyewe, jioni, bila padre, wakaona humo habari za falme zinazoanguka na watumwa wanaotoka Misri. Serikali iliwawinda, ikawafunga, ikawahamishia mbali. Baba alikumbuka jirani aliyechukuliwa usiku. Alipotusimulia alishusha sauti, ingawa Wabelgiji walikuwa wameondoka zamani. Watu wale hawakuadhibiwa kwa ujinga. Waliadhibiwa kwa sababu walikuwa wamesoma na wameamini, vyote viwili kwa pamoja.

Na juu ya yote palikuwa na dari. Mwafrika alisoma hadi atoshe kuwa fundi, karani au mwalimu wa kijijini. Aliyetaka zaidi alikwenda seminari. Stefano Kaoze, mtoto wa huku kwetu Katanga, upande wa Ziwa Tanganyika, alipewa upadre mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi. Miaka saba kabla yake alikuwa amekwisha kuchapisha kwa Kifaransa maandishi juu ya fikra za Wabantu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Ilipofika 1960 mapadre wazalendo walikuwa mamia, na wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Vijana wengi waliingia seminari kwa njaa ya Kilatini na falsafa, wito wa upadre ukiwa mdogo au haupo, na mapadre waliokuwa na macho walilijua hilo wakawafundisha vivyo hivyo.

Likasi ilimtoa mmoja wa vijana wa namna hiyo, na sijaona shule yoyote mjini kwetu yenye jina lake. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa hapa mwaka 1941. Alilelewa na Wabenedikto, akaingia monasteri yao huko Rwanda, kisha akatoka. Mwaka 1973 alichapisha riwaya ya Entre les eaux, juu ya padre anayeacha parokia ili ajiunge na wapiganaji wa msituni. Alifundisha Lubumbashi, akaenda Marekani, na huko akaandika The Invention of Africa, kitabu cha 1988 kinachouliza ni nani aliyeitunga Afrika inayosomwa vitabuni, mmisionari akiwa mmoja wa watungaji. Imani ya ujana wake ilikuwa imemtoka. Lakini alipoandika maisha yake, mwaka 1994, aliyaita bustani ya Kiafrika ya mtindo wa Kibenedikto. Silaha alizotumia kuwahoji mapadre alipewa na mapadre. Alifariki Marekani mwezi Aprili 2025. Natamani kila mwanafunzi wa Kikula na Panda ajue kwamba mtu huyo alikanyaga vumbi hili.

Mimi nilianza shule baada ya uhuru, nikakuta ugomvi wa aina nyingine. Mwaka 1972 tuliambiwa majina ya ubatizo ni ya kikoloni. Darasani kina Joseph na Albert walitoweka asubuhi moja, wakarudi na majina ya mababu. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule zote za madhehebu. Misalaba ilitolewa ukutani, picha ya rais ikabaki peke yake, na saa ya dini ikawa saa ya siasa ya chama, tukiimba na kupiga makofi. Krismasi ya mwaka huo haikuwa tena sikukuu, baba akaenda Shituru kama Jumatano nyingine yoyote. Mama alipika bukari na kuku usiku, akafunga mlango, tukasali kwa sauti ya chini.

Wapo waliotazamia kwamba dini ikitoka darasani elimu itapumua. Darasani kwetu haikupumua. Katekisimu iliondoka, ikaja nyingine iliyozuia maswali kuliko ile ya kwanza, maana padre uliweza kumbishia ukapewa adhabu ya kufyeka majani, ila mtu wa chama hukumbishia. Vitabu vilipotea, mahesabu ya shule yakaharibika, na Februari 1977 serikali ikatia saini mapatano ya kuzirudisha shule kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Huo ndio mwanzo wa zile tunazoziita hadi leo *écoles conventionnées*: serikali ina mwalimu na programu, kanisa lina uongozi wa kila siku.

Katika shule moja ya namna hiyo nilifundishwa fizikia na padre. Mwenzetu mmoja, kijana mkaidi na mwenye akili kali, alisimama akauliza kama tuamini kitabu cha Mwanzo au kitabu cha fizikia. Tulidhani atafukuzwa. Padre aliandika ubaoni jina la Georges Lemaître, akatueleza kwamba Mbelgiji huyo, aliyeonyesha tangu 1927 kwamba ulimwengu unapanuka na kisha akapendekeza kuwa ulianza kutoka kitu kidogo mno, alikuwa padre. Hakuishia hapo. Alituuliza ni nani amefika Shinkolobwe. Mikono mingi iliinuka, kwa kuwa ni jirani. Akasema urani iliyotoka shimo lile ilitumika katika mabomu ya Agosti 1945 huko Japani, na kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika, TRICO I, kiliwashwa mwaka 1959 pale Lovanium, chini ya Monsinyori Luc Gillon, padre na mwanafizikia. "Fizikia itakuambia jinsi atomu inavyopasuka," alisema. "Kama uipasue juu ya mji wa watu, hilo utaliuliza mahali pengine." Siku hiyo ndipo nilipoamua kuwa mwalimu wa fizikia, na nikawa.

Kwa hiyo sikuwa na hofu na imani shuleni. Hofu ilinijia katika miaka ya 1990, na ninajua ilikotoka.

Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa imetoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1993 haikufika tani 50,000. Katika mji kama Likasi kampuni ilikuwa mshahara, hospitali, shule na unga. Na ndani ya miaka hiyohiyo, 1992 na 1993, ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala stesheni na watoto wao wakingoja treni. Walimu wengi wa Likasi walikuwa Wakasai. Ilikuwa aibu, na ilikuwa aibu ya watu waliobatizwa, waliokaa benchi moja kanisani Jumapili. Shule zilipofunguliwa tena palikuwa na vyumba visivyo na mtu wa kushika chaki. Serikali iliacha kulipa, wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kwa mfuko wao, na asiyekuwa na kitu mtoto wake alirudishwa nyumbani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa malipo ya mara moja. Mabaa, kumbi na majumba ya sinema yakawa makanisa ya uamsho.

Sitawacheka waliokwenda huko. Mtu aliyepoteza mshahara, akazika mtoto kwa kukosa dawa, akaingia mahali panapoimbwa na kuitwa kwa jina lake, amepata kitu cha kweli. Lakini mle ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza mafundisho ambayo baba asingeyaelewa: kwamba sala inakaa mahali pa masomo. Karibu na mtihani wa taifa kalamu zilipelekwa kupakwa mafuta. Wanafunzi walifunga wakaja kwangu midomo imekauka, hawawezi kufuata mstari mmoja wa hesabu. Mama mmoja alinijia jioni: "Prof, mutoto banamufunga." Mchungaji alikuwa amemwambia kuwa bibi wa yule kijana ameifunga akili yake kwa uchawi. Nilimweleza kwamba darasa la mwanawe lilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu, maana mwalimu alikwenda kuchimba madini kwa mikono yake ili watoto wake wale. Alinisikiliza kwa heshima. Kijana alitolewa shuleni, na bibi akahamishwa nyumba. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda watoto inaadhibu kwa kifungo anayemwita mtoto mchawi, lakini bibi hana sheria hiyo, na akili ya kijana haikurudishwa na yeyote.

Wakati uleule, katika mji uleule, niliwaona masista wakifundisha wasichana kemia bila maabara, na Wamethodisti wa Mulungwishi wakiendelea kufundisha. Wengi wao hawakuwa na mshahara unaoeleweka. Niliwauliza kwa nini hawaondoki, wakanijibu kwa Injili. Ni imani ileile, Biblia ileile. Palipokuwa na mwalimu, imani ilimtia nguvu. Pasipokuwa na mwalimu, ilijaza nafasi yake kwa maelezo ya uchawi. Hivyo nikiulizwa leo kama dini na elimu ni maadui, jibu langu ni hili: hapa Likasi ziligombana pale mwalimu alipoachwa bila mshahara, na anayetafuta chanzo cha ugomvi aanzie kwenye daftari la malipo.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya umma haina ada, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi. Nilifurahi, nami bado nafurahi, ingawa madarasa yamejaa hadi mtoto anaandikia juu ya goti. Sekondari wazazi wanaendelea kulipa.

Mapadre na wachungaji wa Likasi, wengi wenu mlipita mikononi mwetu. Mnayo majengo yenye taa, na nyumba nyingi za wanafunzi hazina umeme usiku. Barikini kalamu, sitawazuia. Kisha acheni milango wazi jioni za siku za kazi, wekeni meza na ubao, na sehemu ya sadaka mpeni mwalimu wa hesabu aje akae na watoto hao hadi saa tatu.