Umaskini wa kijijini, umaskini wa mjini, na mtoto wako (Sehemu ya 4)



Wodini nasikia sana: "Bora kijijini, chakula kipo." Mwingine anajibu: "Bora mjini, hospitali ipo." Leo tuongee ukweli.

Takwimu za serikali za 2017/18 zinaonyesha kijijini watu 31 kati ya 100 ni maskini wa mahitaji ya msingi, mjini karibu 16. Sawa, kijijini kuna hali ngumu zaidi. Ila mtoto anaumia kwa njia tofauti.

Kijijini tatizo ni umbali na pesa mkononi. Kwa sera, matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure, lakini bodaboda si bure. Mama anasubiri homa ipoe siku tatu, mtoto anafika amelegea, malaria imeshamaliza damu. Na chakula kuwepo si lishe. Iringa wanalima mahindi kweli kweli, lakini utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wamedumaa. Mama yuko shambani kutwa, mtoto anashindia uji mtupu, mayai yameenda sokoni.

Mjini hospitali unaiona, ila kila kitu ni hela: maji ya ndoo, mkaa wa kopo, unga wa robo. Ukinunua kidogokidogo unalipa zaidi. Baba akikosa kibarua leo, leo hiyo hiyo jiko haliwaki, na huna shamba la kuchuma kisamvu. Choo kimoja wapangaji kibao, kuhara hakuishi.

Sasa ufanyeje?

Wa kijijini: kabla hujauza mayai, toa la mtoto. Ukiuza mazao, weka pembeni nauli ya dharura, isiguswe.

Wa mjini: hela ya biskuti na soda nunua dagaa, wasafishe, wakaange, saga, changanya kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita.

Wote: mtoto hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege au haamki vizuri, usingoje asubuhi.

Na jambo moja, mama. Ukipangiwa tarehe ya kurudi na huna nauli, tuambie pale pale. Usiitikie "sawa nesi" halafu ukapotea. Pengine tunaweza kukupangia siku ya huduma ya mkoba karibu na kwako. Kukosa nauli si aibu.