Kolwezi: Swali ambalo mwenye kulala hawezi kujibu

Yaya wangu ni shofa wa lori. Anabeba shaba kutoka hapa Kolwezi mpaka Kasumbalesa. Nyumbani kwake, komini ya Manika, tulizoea kumcheka: akianza kukoroma, watoto wanasema mashine ya mgodi imewashwa. Tulidhani huo ni usingizi mzuri. Kisha siku moja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alisinzia kwenye usukani karibu na Likasi, akaamshwa na honi ya gari lingine.

Nilimpelekea karatasi ya maswali nane inayoitwa STOP-Bang. Daktari Frances Chung na wenzake wa Toronto, Kanada, waliitangaza mwaka 2008, kwanza kwa wagonjwa wanaoenda kupasuliwa. Inauliza: unakoroma kwa nguvu? Unachoka mchana? Kuna mtu aliyekuona ukikatika pumzi usingizini? Una ugonjwa wa presha? Halafu uzito mkubwa, umri kupita miaka 50, shingo kupita sentimita 40, na kama wewe ni mwanaume. Ndiyo tatu au nne ni hatari ya kati. Tano na zaidi ni hatari kubwa.

Yaya alijaza peke yake, akapata mbili: mwanaume na presha.

"Unaona? Niko muzima."

Shemeji akachukua kalamu. "Kukoroma, ndiyo. Kuchoka, ndiyo. Kukatika pumzi? Kila usiku namusukuma ili avute hewa!" Tukapima shingo kwa futi ya fundi wa nguo: sentimita 43. Mbili ikawa sita.

Yaya akanyamaza, kisha akasema: "Kama nasema ndiyo, nani atanipatia lori kesho?"

Hapo nikaelewa. Aliyelala hajui kwamba koo lake linaziba. Na hata anachokijua, woga wa kukosa kazi unamfunga mdomo.

Karatasi hii haithibitishi ugonjwa. Muganga ndiye anayeamua, na kipimo chenyewe kinafuata pumzi na hewa ya damuni usiku mzima. Mwaka 2022, wataalamu wa kinga huko Marekani walisema ushahidi bado hautoshi kushauri watu wazima wote wasio na dalili wapimwe. Lakini yaya ana dalili, na anaendesha lori.

Wasomaji wapenzi, mukijaza karatasi hiyo, mumuite anayelala karibu nanyi. Yaya amekubali kwenda kwa muganga. Shemeji atamsindikiza, karatasi iko ndani ya mkoba wake.