Tusimhukumu Mtu kwa Uzito wa Mwili Wake



Katika tafakari ya juma hili napenda tutazame jambo ambalo ni nadra kulileta mbele ya altare, ingawa kila mmoja wetu hutembea nalo popote aendapo: uzito wa mwili. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, mwezi Mei 2023, kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya dunia, wengi wetu tumeacha kuyazungumzia maradhi hayo. Hata hivyo, ninapowatembelea waamini majumbani, Musoma, Bunda na Butiama, ningali naziona alama zilizoachwa na nyakati zile, na baadhi yake ziko mezani, penye sahani.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, nasi tukiwa katikati ya Kwaresima. Siku iliyofuata shule zilifungwa, na watoto wengi hawakurudi madarasani hadi mwishoni mwa mwezi Juni. Hapa kwetu hatukufungiwa ndani kama ilivyokuwa katika mataifa mengine, na milango ya makanisa mengi ilibaki wazi. Lakini hofu haikungoja amri ya serikali ili iingie nyumbani. Iliingia na simu za usiku zenye habari za misiba. Iliingia pia kwa mlango wa riziki. Mwaka 2019 watalii waliofika Tanzania walizidi milioni 1.5, mwaka 2020 hawakufika hata 650,000. Kwa mtu aliyetegemea kazi za hoteli karibu na lango la Ndabaka, lile la kuingilia Serengeti katika barabara ya Mwanza–Musoma, maana ya hesabu hiyo ilikuwa sufuria tupu.

Katika miezi hiyo nilikutana na watu wawili ambao wameniruhusu niwasimulie pasipo kuwataja majina. Wa kwanza ni mwalimu wa upande wa Butiama. Shule ilipofungwa, alikaa nyumbani akisikiliza redio na kusoma ujumbe wa simu, huku akinywa chai yenye sukari nyingi na kula maandazi tangu asubuhi hadi usiku. Aliniambia, “Baba Paroko, sikuwa na njaa. Ila nikiacha kutafuna, mawazo yanaanza.” Nguo zake za kanisani zilimkataa moja baada ya nyingine. Wa pili ni baba wa familia wa Bunda, aliyepoteza kazi. Huyu chakula kilikuwapo. Mkewe alimwandalia ugali na dagaa kila jioni. Alimega tonge mbili, akanawa. Baada ya miezi mitatu mkanda wake ulihitaji matundu mapya.

Mmoja alinenepa, mwingine akakonda, na mzizi ulikuwa mmoja. Wataalamu wa afya wanatueleza kwamba hofu ya ghafla hukata hamu ya kula, kwa kuwa mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Hofu inapokaa kwa majuma na miezi, mwili huzidi kutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo kwa watu wengi huamsha hamu ya vitu vitamu na vyenye mafuta, na kusaidia mafuta kujikusanya tumboni. Usingizi ukipungua, njaa nayo huongezeka. Ndiyo sababu msongo uleule humfanya huyu ale kupita kiasi na yule ashindwe kumeza.

Wala si sisi peke yetu. Mwezi Machi 2021, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: kati ya kila watu wazima 100 waliohojiwa, 42 walisema wameongezeka uzito kuliko walivyotaka tangu janga lianze, na 18 walisema wamepungua kuliko walivyotaka. Wale waliishi mbali nasi na kula vyakula tofauti na vyetu, lakini moyo wa mwanadamu ni uleule.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika. Kilichowaumiza ndugu hawa wawili zaidi ya uzito wenyewe kilikuwa ndimi zetu. Mwalimu alitaniwa mlangoni mwa kanisa kwamba korona imemkubali. Yule baba alinyamaziwa, na kunyamaziwa huko kulikuwa kubaya zaidi. Sisi watu wa kanda hii ya Ziwa tunayo kumbukumbu nzito: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng’ambo ya ziwa letu, na tangu hapo mwili uliokonda umekuwa ukisomwa kama hukumu. Alipoona macho ya watu yanampima, aliacha kuja kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Hivyo, saa alipotuhitaji kuliko wakati wowote, ndipo tulipompoteza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Huenda mtu akauliza: je, ulafi si mojawapo ya vilema vikuu? Naam. Lakini Kanisa linatufundisha kwamba dhambi huhitaji ujuzi na hiari, na kwamba hofu huweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Anayekula ili atulize woga anahitaji kwanza kusikilizwa. Vivyo hivyo, anayeshindwa kula kwa huzuni asisifiwe kwamba anafunga. Mfungo huchaguliwa kwa uhuru, kwa ajili ya Mungu na jirani.

Tazameni jinsi Mungu alivyomtendea nabii Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Elia alikuwa amekimbia kwa hofu, akajilaza chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, maana safari ilikuwa ndefu. Neno kuhusu utume wake lilikuja baadaye, mlimani.

Basi, napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuache salamu za “umenenepa” na “umekonda”, tuulize “unaendeleaje?” kisha tusubiri jibu. Pili, tusile peke yetu tukiwa na majonzi, wala tusimwache jirani ale peke yake. Sahani ya pamoja humpunguzia huyu na humwongezea yule. Tatu, mwenye mabadiliko ya uzito asiyoyaelewa aende zahanati apimwe sukari, shinikizo la damu na kifua kikuu. Kwenda kwa mganga si upungufu wa imani. Na wagonjwa wasijitwishe mfungo unaowadhuru: kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa huwafunga walio kati ya miaka 18 na mwanzo wa mwaka wa 60, na hata hao, ugonjwa huwaondolea wajibu.

Mwalimu yule sasa hutembea kila jioni na akina mama wenzake wa WAWATA, na usingizi umemrudia. Yule baba bado hajarudi jumuiyani. Nawaomba wanajumuiya wa Bunda msingoje nimtume mtu. Jirani aliyeadimika kwenu mnamjua. Nendeni kwake jioni, mketi, mle naye.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu