Safari ya bendi ndogo: hatari ipo kwenye usukani baada ya shoo

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Hiace kuukuu inatoka Kimara, Dar es Salaam, kuelekea Morogoro. Nyuma kuna dramu, spika mbili, kinanda kilichofungwa kwa blanketi na mabegi ya nguo. Mbele wamebanana vijana sita, magitaa wameyapakata. Bendi yao haina kampuni ya kuisimamia wala fedha ya kuajiri dereva. Anayeendesha ni mpiga besi, baba wa binti wa miaka minne.

Morogoro ni kama kilomita 190 tu, lakini wakifika hawapumziki. Wanashusha vyombo, wanafunga mitambo, wanajaribu sauti, kisha wanasubiri watu. Muziki unaanza saa tatu usiku na kwisha saa nane. Malipo yanatoka kwenye kiingilio cha mlangoni, hivyo hakuna ajuaye mapema atapata nini. Chakula cha usiku ni chipsi mayai, na kulala ni saa kumi alfajiri.

Mji huo una majina makubwa katika muziki wa dansi: Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Wote wawili walifariki kwa ajali za gari, Salum mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979, akiwa Mombasa.

Jumamosi saa tatu asubuhi wanaamshwa, maana jioni wanasubiriwa Iringa. Mpiga dramu anaamka masikio yakivuma. Mvumo huo ni dalili kwamba kelele zimeyaumiza. Ukijirudia kila wiki, usikivu unaweza kupotea usirudi tena. Vizibo vya masikio vingemsaidia.

Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako gari hupunguza mwendo kwa sababu tembo na twiga huvuka. Ruaha Mbuyuni wanasimama kununua vitunguu vya kupeleka nyumbani. Baadaye ni mlima Kitonga: kona kali, malori yanayopanda kwa kujivuta, na bonde refu pembeni. Ndani ya gari kila mtu ananyamaza hadi Ilula.

Iringa kuna baridi, lakini ukumbi unajaa. Saa mbili usiku, kabla ya kupanda jukwaani, mpiga besi anapiga simu nyumbani.

"Baba, kesho asubuhi utakuwepo?" binti anauliza.

"Nitakuwepo, mama," anajibu.

Shoo inaisha saa nane usiku. Dar ipo kama kilomita 500 nyuma yao. Gesti ni gharama, Jumatatu wengine wana kazi, na mtoto ameahidiwa. Wawili wanasema waondoke sasa hivi, barabara haina foleni.

Mpiga besi ameamka tangu saa tatu asubuhi, yaani yupo macho kwa saa 17. Tafiti za usingizi zinaonyesha kuwa mtu wa namna hiyo huweza kufanya makosa kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, hata kama hajaonja pombe. Kahawa husaidia kwa muda tu. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuzuii macho kufumba.

Mwimbaji, ambaye ni mkubwa wao, anachukua ufunguo wa gari na kuutia mfukoni. Wanachukua vyumba viwili, watatu watatu. Sehemu kubwa ya faida inaishia hapo.

Wazazi wengi wenye kijana katika bendi huuliza kuhusu pombe na marafiki. Ni maswali ya haki, ila yapo mengine ya kuongeza kabla hajaondoka: Nani anaendesha? Atalala saa ngapi? Fedha ya gesti imetengwa kabla ya safari, au inasubiri kiingilio? Je, kuna mwingine mwenye leseni wa kupokezana naye? Na mzazi aliye safarini asiahidi saa ya kufika. Aahidi siku.

Jumapili saa tatu asubuhi mpiga besi anampigia binti na kumwambia atafika jioni. Binti analia, kisha anauliza kama kuna zawadi. Anaambiwa kuna vitunguu. Anakata simu.

Saa moja usiku Hiace inaingia Kimara. Binti yupo mlangoni, bado amenuna.